Kofia 14 za chekechea zimerudi zote: wanaofuma kwa kroshia tukutane hapa

#1 FumaTaratibu

Wadau, habari za jioni. Huu ni uzi kuhusu nyuzi, kwa hiyo wenye utani wao waanze mapema tumalizane.

Naishi Njombe, nina watoto wawili, nafuma kofia za watoto nyumbani mwaka wa tatu sasa. Kufuma nilifundishwa na mama, ila yeye alikuwa mtu wa vitambaa vya makochi, vile vyeupe vya uzi mwembamba ambavyo mgeni akiinuka vinaondoka naye mgongoni. Kofia nimejifunza mwenyewe, kwa YouTube na kwa kuharibu. Anayeijua Njombe anajua Juni na Julai kukoje. Mtoto hatoki asubuhi bila kitu kichwani, kwa hiyo soko lipo.

Mwezi uliopita chekechea moja hapa mjini ikanipa oda ya kofia 14, rangi tatu: njano, kijani na nyekundu. Bei tukakubaliana 7,000 kila moja, nusu nikapewa mbele. Niliuliza umri, nikaambiwa miaka mitano. Nikasema sawa. Hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu kichwa nilichokuwa nacho karibu ni cha mwanangu wa mwaka mmoja na nusu. Nikafuma kwa kipimo chake kisha nikaongeza raundi tatu za urefu, nikijua mtoto mkubwa anataka kofia kubwa. Zikawa ndefu, hazikuwa pana.

Siku ya kupeleka, mwalimu akachukua moja akamvalisha mtoto. Ikasimama juu ya kichwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Akajaribu wa pili, wa tatu. Watoto wanacheka, mimi nimeshika mfuko. Nimerudi nazo zote 14.

Shule siilaumu hata kidogo, kosa ni langu. Nauliza tu: nizifumue zote au niziuze kwa watoto wadogo nianze upya? Na wengine mnaofuma, semeni yaliyowakuta, nisijione peke yangu.

---

#2 Kipara Ngoto

Uzi kuhusu uzi. Tunaomba usikatike.

---

#3 Mgosi wa Milimani

Pole sana dada. Mimi niko Lushoto, nafuma pia. (Ndiyo, mwanaume. Endeleeni.)

Usifumue zote. Za mwaka mmoja na nusu zina wateja wake, tena hao ndio wengi, maana mama wa mtoto mchanga hununua kofia kuliko mama wa mtoto wa miaka mitano. Toa zile raundi tatu za urefu tu, funga mzingo upya, uza. Kwa oda ya shule nunua uzi mpya.

Ila kabla hujanunua, zimewekwa jina la shule?

---

#4 FumaTaratibu

Hapana, hazina jina. Nilishona kifundo cha nyuzi juu basi.

Ushauri wako naukubali nusu. Sina hela ya uzi mpya wa kofia 14 mfululizo. Nadhani nitafumua saba, saba nizipunguze urefu niziuze sokoni.

---

#5 Kipara Ngoto

Mgosi, mwanaume mzima unakaa unafuma kofia za watoto? Huko milimani hakuna viazi vya kulima?

---

#6 Shangazi Pwani

Assalaam aleykum. Wewe Kipara, kofia za vito za Waswahili unadhani zashonwa na nani? Mimi ni wa Mombasa, lakini Lamu nimekaa, nimewaona wazee wa kiume wameketi barazani na sindano, tundu moja baada ya jingine, kofia moja yamaliza wiki na wiki. Ile si kroshia, ni kudarizi juu ya kitambaa, lakini kazi ni kazi ya mkono. Na hao wazee hakuna aliyewauliza viazi.

Mgosi endelea mwanangu.

---

#7 Mgosi wa Milimani

Ahsante shangazi. Viazi nalima pia. Mvua ikinyesha ndipo nafuma.

---

#8 Mwl Hesabu

Nimepita tu lakini hili ni la kwangu. Dada, tatizo lako si kufuma, ni mzingo na kipenyo.

Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, ukizungushia pale nyuma kinapochomoza. Mtoto mchanga wa siku zake huwa karibu cm 35. Mwaka mmoja, karibu 46. Miaka mitano, karibu 51. Angalia jambo la ajabu hapo: mwaka wa kwanza kichwa kimekua cm 11 hivi, kisha miaka minne yote iliyofuata kimeongeza 5 tu. Ndiyo maana ulidhani tofauti ni ndogo. Lakini cm 5 kwenye kofia ni nyingi.

Kofia inatakiwa ipungue cm 2 hadi 3 kuliko kichwa ili ishike. Kwa hiyo mtoto wa 51 anataka kofia ya 48. Gawa kwa 3.14, unapata kipenyo cha cm 15 na kidogo. Yaani ile sahani ya juu, kabla hujaanza kushuka, iwe na upana huo. Ya mwaka mmoja ni 14. Ukiweka rula juu ya hiyo sahani huhitaji kubahatisha.

---

#9 FumaTaratibu

Mwalimu, kama ungekuwepo mwezi uliopita! Hebu niandike ninavyofuma kisha unisahihishe. Nitatumia majina ya mama yangu: cheni, nguzo fupi (unachota uzi mara moja, unavuta), nguzo ndefu (unazungushia uzi kwanza kwenye kroshia, yaani ile sindano ya ndoano, halafu unachota, unavuta mara mbili).

Uzi wa akriliki wa unene wa kati, kroshia namba 5, yaani milimita 5. Naanza na cheni 4, nafunga duara. Ndani ya duara naingiza nguzo ndefu 12. Raundi ya pili kila tundu naweka mbili, zinakuwa 24. Ya tatu naweka moja, halafu mbili, moja, mbili, zinafika 36. Ya nne 48. Ya tano 60. Hapo naacha kuongeza, nashuka moja moja mpaka chini. Mkono wangu unatoa nguzo 14 kwa kila cm 10, kwa hiyo 60 ni kama cm 43.

Sasa kwa wa miaka mitano nifikishe ngapi?

---

#10 Mwl Hesabu

Nguzo 14 kwa cm 10, unataka 48: ni 67. Weka raundi ya sita yenye nyongeza 6 tu, ufike 66. Inatoa cm 47, na kofia huvutika. Usiweke nyongeza 12, utafika 72 na itamfunika macho.

Sasa nikuulize swali la darasani. Kwa nini kila raundi unaongeza 12 na si 10 au 15?

---

#11 FumaTaratibu

Kwa sababu mama alisema hivyo 😂

---

#12 Mwl Hesabu

Mama alikuwa sahihi bila kujua pai. Duara likiongezeka kimo kwa raundi moja, mzingo wake unaongezeka mara 2 ya 3.14 ya kimo hicho, yaani mara 6.28. Nguzo ndefu ina kimo karibu mara mbili ya upana wake. 6.28 mara 2 ni 12 na ushee. Ndiyo hizo 12 zako. Nguzo fupi kimo na upana vinakaribiana, ndiyo maana anayefuma kwa nguzo fupi huanza na 6 na kuongeza 6.

Ukiongeza pungufu, sahani inajikunja, inakuwa bakuli. Ukizidisha, inaanza kupiga mawimbi kama sketi ya rinda. Hayo mawimbi yana heshima yake: mwaka 1997 mwanamama wa hisabati kutoka Latvia, Daina Taimina, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, alichukua kroshia akazidisha makusudi kwa mpangilio, akapata umbo ambalo wanahisabati walikuwa wanahangaika kuwaonyesha wanafunzi kwa karatasi. Karatasi zilikuwa zinachanika. Uzi ukakubali.

Kwa hiyo kofia yako ikipiga mawimbi usiitupe, ipeleke chuo kikuu.

---

#13 Kipara Ngoto

Nimeingia kucheka, nimefundishwa pai. Haya.

---

#14 Binti Nakuru

Wapendwa mnaojifunza kwa video, mchunge hii kitu. Mimi nilipoteza wiki mbili. Nilifuata maelezo ya kofia yaliyoandikwa "dabo kroshe", nikafuma nguzo ndefu, kofia ikatoka kubwa ya kumtosha babu. Kumbe mwandishi alikuwa Mwingereza. Dabo ya Uingereza ndiyo singo ya Marekani, hiyo mnaita nguzo fupi. Na dabo ya Marekani ndiyo trebo ya Uingereza. Jina moja, mishono miwili tofauti.

Siku hizi kabla sijaanza naangalia kama kwenye maelezo kuna neno singo. Likiwepo, huyo anatumia ya Marekani, kwa sababu Waingereza kwa kawaida hawana singo kwenye orodha yao. Hapa Kenya tunasoma za pande zote mbili, ndio tunaumia.

Na Njombe na Nakuru wanafanana, Julai hapa si mchezo.

---

#15 Mgosi wa Milimani

Binti Nakuru umenifungua. Nina kofia moja kubwa nyumbani niliyodhani mkono wangu ndio umelegea. Sasa najua.

Niongeze moja: nambari ya chovyo. Kwenye karatasi ya donge la uzi kuna namba ya rangi na namba nyingine ya mara ile uzi ulipochovywa. Namba ya rangi ikifanana lakini ya chovyo ikitofautiana, njano mbili zinaweza zisifanane. Dukani usiku huoni. Ukitoka juani kofia ina mstari katikati kama mtu aliyevaa soksi mbili tofauti. Kwa oda ya 14, nunua uzi wote siku moja, na soma hizo namba.

---

#16 Mnunuzi Mzoefu

Samahani, nisiharibu raha zenu. Kofia ya mtoto 7,000? Mtumba sokoni unapata kwa 1,000, nzuri, ya nje, haina hata doa. Uzi tu huo jamani. Mnajipa bei.

---

#17 FumaTaratibu

Ndugu yangu, nilikuwa nakusubiri. Kila uzi huwa unakuja.

Kofia ya miaka mitano inakula gramu 70 hivi za uzi. Donge la gramu 100 nanunua 4,000. Uzi peke yake ni 2,800. Zinabaki 4,200. Kofia moja inanichukua saa tatu, hapo naweka na kubadilisha rangi na kuficha mikia ya nyuzi. Ni 1,400 kwa saa, kabla ya nauli, kabla ya sindano iliyopotea chini ya kochi. Hiyo ndiyo bei ninayojipa.

Na kitu kingine ambacho wengi hawajui: kroshia ya kweli bado haina mashine ya kiwandani. Sweta la kufuma kwa sindano mbili mashine inalitoa, kroshia bado. Zile nguo za kiwandani zinazoonekana kama kroshia ni mfumo mwingine unaoigiza. Kwa hiyo hata hiyo ya mtumba ya 1,000, kama ni kroshia kweli, kuna mtu mahali fulani aliketi akaifuma kwa vidole. Hukumlipa wewe.

Sikasiriki. Nimejibu tu.

---

#18 Mnunuzi Mzoefu

Umekasirika kidogo. Lakini hesabu nimeiona. Mimi nilidhani mna mashine.

---

#19 Dada Kigamboni

Nimekuja kwenye hesabu. Mimi niko Dar, kofia za baridi huku utamuuzia nani? Nilianza na kofia, nikauza mbili mwaka mzima, zote kwa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Mbeya. Nikahamia vitu vya nyumbani: vitambaa vya kuwekea vikombe, dodoki la kuoshea vyombo, vikapu vidogo vya kuwekea vibanio na raba za nywele, kitambaa cha kuipulia sufuria.

Hapo kwenye kuipulia sufuria ndipo nina kovu. Nilifuma kwa uzi wa akriliki, ule ule wa kofia, rangi zinawaka kweli kweli, mteja akapenda. Siku ya tatu akanipigia. Ameipua sufuria ya ugali, kitambaa kimenata kwenye ukingo kama bigijii, kidole kimeungua. Akriliki ni plastiki, inayeyuka. Nilirudisha hela, nikaomba radhi, nikaenda na dawa ya kuungua.

Chochote cha kukutana na moto ni pamba tupu, tena tabaka mbili: unafuma vipande viwili unaviunga pembeni kwa nguzo fupi. Nguzo fupi, kwa sababu ndefu zina matundu na joto linapita. Kitambaa cha kikombe cha chai akriliki haina neno.

Pamba nayo ina tabia yake, nyekundu inachuja. Kabla sijaanza nakata kipande cha uzi, nakilowesha, nakibana ndani ya tishu nyeupe. Tishu ikipata rangi, uzi huo hauchanganyiki na mweupe.

---

#20 FumaTaratibu

Dada Kigamboni, faida kwenye hivyo vidogo ikoje? Maana mimi nina gunia la mabaki.

---

#21 Dada Kigamboni

Gunia la mabaki! Wewe umekalia hela.

Kitambaa cha kikombe kinakula kama gramu 9. Raundi nne za zile 12 zako, umemaliza, cm 11. Mkono ukizoea ni robo saa. Nauza seti ya sita 6,000. Ni saa moja na nusu, na uzi ni ule uliobaki kwenye kofia, umeshaulipia. Piga mwenyewe: 4,000 kwa saa. Karibu mara tatu ya kofia yako.

Siri ni rangi. Mabaki usiyachanganye hovyo, itaonekana mabaki. Chagua rangi moja ipite kwenye vyote sita, labda raundi ya mwisho yote iwe nyeupe au nyeusi. Hapo inakuwa seti. Bila hiyo ni vitambaa sita vilivyokutana barabarani.

---

#22 FumaTaratibu

Miaka mitatu. Miaka mitatu nimekuwa najazia mito mabaki.

---

#23 Shangazi Pwani

Na vya jagi jamani, mumevisahau? Kile kitambaa cha kufunikia jagi la sharubati, cha duara, chepesi, pembeni kina shanga zaning'inia. Nzi haingii, upepo haukipeperushi, kwa ule uzito wa shanga. Nyumba yetu kila jagi lilikuwa na chake, na mama alijua kikibadilishwa.

Vijana waniuliza shanga zawekwaje. Hazishonwi mwisho. Watia shanga zote kwenye uzi kabla hujaanza kufuma hiyo raundi ya mwisho, wazisukuma mbali, kisha ukifika mahali pake waivuta moja ije karibu na kroshia, wapiga cheni moja nyuma yake, ishafungika. Ukihesabu vibaya, wafumua raundi nzima. Kwa hiyo hesabu mara mbili, na uongeze tano za akiba.

Uzi wake ni mwembamba wa pamba, na kroshia ya chuma nyembamba mno, milimita 1 na nusu hivi. Macho yangu sasa hayawezi. Namfundisha mjukuu, naye ataka kofia za rangi rangi tu.

---

#24 Binti Nakuru

Shangazi, hiyo ya kutia shanga kwanza sikuijua! Mimi nashona mwisho na zinadondoka zote mezani.

---

#25 Nesi wa Zamu

Salaam. Naomba niseme kidogo kwa wanaofuma za wachanga, maana wodini tunapokea nyingi za zawadi.

Kofia ni muhimu kwa mtoto mchanga, hasa njiti. Kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili, joto linapotea pale. Njiti anayebebwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ile ya kangaruu, anavaa nepi, soksi na kofia, basi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wabebwe hivyo mapema tangu kuzaliwa, bila kusubiri kwanza kukaa kwenye mashine ya joto. Kwa hiyo kofia zinatumika kweli. Lakini nyingi tunazoletewa ni kubwa. Njiti ana kichwa cha cm 25 hadi 30. Fikiria chungwa kubwa. Kofia ikiwa kubwa inashuka puani, na huyo hana nguvu ya kuisukuma.

Vifungo, shanga, maua ya kushikiza na vile vifundo vya juu, kwa mchanga acheni. Kikilegea kinaenda mdomoni. Kamba za kufunga shingoni acheni kabisa. Na huyu mkubwa kidogo, akilala ndani ya nyumba mvueni kofia; anapoza joto kwa kichwa, na kofia ikimteleza usoni usiku hakuna anayeona.

Uzi uwe laini. Upimeni shavuni kwenu, si kwenye kiganja. Kiganja cha mfumaji kimeshakuwa ngozi ya kobe.

---

#26 FumaTaratibu

Nesi ahsante sana. Vifundo nimeviweka kwenye zote 14. Za wadogo navikata leo.

---

#27 Mgosi wa Milimani

Dada, kabla hujaanza upya: hao watoto wamesukwa au wamenyolewa?

Nauliza kwa sababu kichwa cha cm 51 kilichonyolewa na cha cm 51 chenye mabutu manne si kichwa kimoja. Mimi wasichana nawafumia kwa raba ya nywele. Badala ya kuanza na cheni 4, naanza kwa kufuma nguzo juu ya raba yenyewe, pande zote, mpaka raba haionekani. Kisha naendelea kama kawaida. Juu panabaki tundu linalovutika, mabutu yanatoka hapo. Kofia haikandamizi msuko, na mama aliyelipia kusuka hakutukani.

Kofia ya mtumba iliyoshonwa Ulaya haina hilo tundu. Mnunuzi Mzoefu, andika hiyo.

---

#28 Mnunuzi Mzoefu

Nimeandika. Binti yangu ana miaka sita, amesukwa. Mnatuma hadi Morogoro?

---

#29 Mgosi wa Milimani

Basi zipo kila siku. Pima kichwa kwanza. Njoo pm.

---

#30 Kipara Ngoto

Mzoefu amenunua 😂😂 Uzi umemkamata.

---

#31 FumaTaratibu

Mrejesho, wadau. Wiki mbili zimepita.

Saba nimezipunguza urefu, nikakata vifundo, nikapeleka sokoni Jumamosi. Zimeuzwa tano kwa 6,000.

Saba nimezifumua. Hapa niseme kidogo kwa sababu hakuna aliyeniambia: uzi uliofumuliwa unatoka umejisokota kama tambi za kuchemsha, ukiufuma hivyo hivyo kofia inakuwa na matuta. Niliuzungushia kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga sehemu nne kwa kamba ili usitatane, nikaulowesha maji ya uvuguvugu, nikauning'iniza kivulini na kijiko kikining'inia chini yake kwa uzito. Ulinyooka, si wote lakini wa kutosha. Jirani alinishauri nipige pasi. Nilijaribu kwenye kipande kidogo, kikalala chapati, kikang'aa, hakikurudi tena. Akriliki na pasi haviko nyumba moja.

Chekechea nilirudi na futi ya fundi cherehani, nikaomba kupima vichwa kimoja kimoja. Mwalimu akacheka lakini akawapanga foleni. Mwl Hesabu ulisema 51. Wengi ni 50 na 51, kweli kabisa. Wawili ni 49. Mmoja ni 54! Nikampima mara tatu, nikidhani futi imepinda. Wasichana sita wamesukwa, hao nawafumia kwa raba.

Mabaki nimefanya seti mbili za vikombe, raundi ya mwisho nyeupe. Moja ameichukua mwalimu pale pale, hata sijaitandika vizuri mezani.

---

#32 Mwl Hesabu

Huyo wa 54 usimfumie 66. Mfumie 72.

---

#33 FumaTaratibu

Nimeshaanza, 72. Ni mtoto wa mwalimu mkuu.

---

#34 Shangazi Pwani

Hiyo ifumwe ya kwanza.